Kumalizia kwilti masika haya, kabla ya baridi ya Julai

Makabati mengi ya watu wanaoshona viraka hapa Nairobi yana uso wa kwilti uliokwisha kuunganishwa, umekunjwa vizuri, unangoja tangu mwaka juzi. Kuunganisha viraka ndiko kutamu, na ndiko kunakopigwa picha. Kazi inayofuata ni ya magoti na mgongo: kulaza tabaka tatu (uso wa viraka, pamba ya kati, na bitana ya mgongoni), kuzipiga bandi, yaani mishono mirefu ya muda, kuzishona pamoja, kuzungushia upapi, ule ukanda wa kitambaa unaofunika kingo, kufua. Huchukua muda sawa na viraka vyenyewe, pengine zaidi, na ndiyo inayoamua kama kwilti itadumu au itaanza kufanya mabonge baada ya kufuliwa mara ya pili.

Msimu wake ni huu. Machi hadi Mei mvua hutufungia ndani jioni, stima hupotea bila taarifa, na kazi ya mikono haijali. Ukianza sasa, Juni itakukuta umeshajifunika. Vipimo vilivyo hapa ni vya kwilti ya sentimita 150 kwa 180, inayotosha kochi au kitanda cha futi tatu na nusu kwa sita.

Bitana na pamba ya kati

Kwa ukubwa huo unahitaji bitana ya sentimita 170 kwa 200, yaani ziada ya kumi kila upande. Usiionee uchungu ziada hiyo. Tabaka husogea unaposhona, na bitana iliyokatwa sawasawa na uso itapungua upande mmoja ukiwa umefika mbali.

Kitenge huwa na upana wa karibu sentimita 112. Wengi hununua mita nne, wakakata vipande viwili vya mita mbili na kuviunganisha kwa urefu. Afadhali uvilaze kwa upana: vipande viwili vya sentimita 170, kimoja juu ya kingine, vinatoa zaidi ya sentimita 200 za urefu, na mita tatu na nusu zinatosha. Kabla ya kuunganisha, kata ule ukingo mgumu wa kiwandani. Umefumwa kwa kubanwa, hurudi tofauti na kitambaa kingine, na ukiuacha ndani ya mshono utauvuta mgongo mzima wa kwilti.

Shuka za mitumba za Gikomba ni pana, hazihitaji mshono wa katikati, na bei yake inavutia. Tatizo ni kwamba nyingi zimefumwa kwa kukazwa mno. Cherehani haina shida nazo, lakini sindano ya mkono itakutesa kila mshono. Nenda na sindano mfukoni uijaribu papo hapo sokoni. Leso nayo hupendeza mgongoni: doti moja ikiunganishwa hutoa takriban sentimita 150 kwa 220, kwa hiyo ongeza ukanda wa sentimita 12 kila ubavu. Panga jina la leso lisomeke wima, maana mgeni yeyote atakayeigeuza kwilti ataanza kwa kulisoma.

Jua unanunua nini, iwe ni Biashara Street au Eastleigh. Omba uzi mmoja mmoja kutoka ukingoni, uende nao nyumbani uuchome. Pamba huungua kama karatasi na kuacha jivu laini la kijivu. Poliesta huyeyuka na kuacha kishanga kigumu cheusi. Kisha jaribu rangi: lowesha kona ya kitambaa, ilaze juu ya kitambaa cheupe, bonyeza kwa pasi ya moto. Kikichuja, kifue kwa maji baridi mpaka maji yatoke safi, na kikikataa kabisa, kitafutie kazi nyingine. Chumvi na siki, ambazo kila mtu atakushauri, si za kutegemewa kwa rangi za kiwandani. Viraka ulivyokwisha kushona huna namna ya kuvitoa, lakini bitana na upapi bado uko huru kuchagua.

Pamba ya kati, ile ya poliesta inayouzwa kwa mita, hupatikana kwa wauza vifaa vya sofa. Chagua nyembamba, ambayo ukiibana kwa vidole viwili inakaribia kutoweka. Ile nene ya mito hupendeza dukani lakini haipiti chini ya mguu wa cherehani, na kwa mkono utashona mishono mirefu kama ya gunia. Ikunjue jioni, uiache imelala usiku kucha ili mikunjo ya dukani ilegee. Blanketi jembamba la fleece pia linafaa, hasa kwa anayeanza, kwa sababu haligawanyiki vipande ndani. Linavutika zaidi upande mmoja, basi ulaze upande huo ufuate upana wa kwilti. Shuka nyekundu ya Kimaasai ina joto, ila nyingi ni akriliki: pasi ya moto juu yake ni hasara.

Kulaza na kupiga bandi

Hapa ndipo kwilti nyingi huharibikia, na uharibifu hauonekani mpaka umeshamaliza. Sogeza meza na viti, pangusa sakafu, iache ikauke kabisa. Laza bitana uso ukitazama chini, uinase sakafuni kwa utepe wa karatasi wenye gundi (masking tape), ukianza katikati ya kila upande kisha pembeni. Inyooke bila kuvutwa. Ukiivuta mpaka ikakaza kama ngozi ya ngoma, siku utakapobandua utepe itarudi kwenye kipimo chake, na uso wote utakunjamana juu yake. Huo ndio mkunjamano ambao watu huulaumu uzi au cherehani.

Weka pamba ya kati, ipapase kutoka katikati kwenda nje. Uso, uliopigwa pasi na kukatwa nyuzi zote zinazoning'inia nyuma, uje juu yake. Uzi mweusi uliosahaulika chini ya kiraka cheupe utauona kila siku ya maisha ya kwilti hiyo. Sasa bandi: sindano ndefu, uzi mweupe, mishono ya sentimita nne au tano, mistari ikianzia katikati kuelekea nje na kuachana kwa upana wa ngumi. Tumia uzi mweupe hata kwa kitambaa cheusi, kwa sababu uzi wa rangi huweza kuacha madoa. Watu wawili hufanya kazi hii kwa nusu ya muda, na watoto wa shule wanafaa sana kwa kupitisha sindano uzi na kutafuta iliyoanguka.

Pini za kufunga ni za haraka kuliko bandi, kama unazo za kutosha na utashona wiki hiyo hiyo. Ukijua kazi itakaa, usizitumie. Hewa ya masika ni ya unyevu, pini huota kutu, na doa la kutu ni gumu kutoa.

Kuchora mistari ya kushona, kwenye kitambaa cheusi hakuna kinachoshinda kipande chembamba cha sabuni nyeupe ya mche, kilichokaushwa na kuchongwa ukingo. Kwenye rangi nyepesi tumia penseli kwa mkono mwepesi. Kalamu ya wino isikaribie.

Kushona tabaka tatu

Shona mraba wa majaribio kwanza, sentimita 20 kila upande, kwa vitambaa vile vile na pamba ile ile. Uzi wa juu ukifanya vitanzi upande wa nyuma, kaza mkazo wa juu. Uzi wa bobini ukichungulia juu, legeza. Urefu wa mshono uwe milimita 3, sindano namba 90. Kama cherehani yako ina sehemu ya kupunguza uzito wa mguu, ipunguze. Meno ya chini huvuta bitana wakati mguu unausukuma uso mbele, na ndiyo maana mstari huishia na wimbi la kitambaa mwishoni. Mguu maalum unaovuta juu na chini kwa pamoja huondoa shida hiyo karibu yote. Usipoupata, shona polepole, viganja viwili vikitandaza kitambaa pande zote za sindano, na usivute kwa nyuma.

Anza na mstari wa katikati. Maliza nusu moja ukienda nje, geuza kwilti, maliza nusu ya pili. Sehemu isiyoshonwa izungushe kama mkeka ipite chini ya mkono wa cherehani, na uzito wake uulaze juu ya kiti kando yako. Uking'ang'aniwa na uzito huo mezani, mishono itabanana. Cherehani ya kukanyaga ya zamani inaifanya kazi hii vizuri sana, na stima ikipotea haisimami.

Wa mkono wanahitaji fremu ya duara ya kama sentimita 35, sindano fupi namba 8 au 9, subana (kifuniko cha kidole cha kusukumia sindano), na uzi usiozidi urefu wa mkono kutoka kiganjani hadi kiwikoni. Uzi mrefu hujisokota na kuchakaa kabla haujaisha. Upitishe kwenye nta kidogo. Piga fundo dogo, ingiza sindano kutoka juu hatua moja mbali na mstari, vuta kwa ghafla kidogo mpaka fundo litumbukie ndani ya pamba. Mishono minane kwa inchi ni ya wazoefu. Mitano iliyolingana hupendeza kuliko minane inayoyumba. Vitambaa vyeusi vishone mchana, jikalie karibu na dirisha. Usiku chini ya taa ya sola shona vyepesi.

Usiache nafasi isiyo na mshono kuzidi sentimita 10, kwa mashine au kwa mkono. Pamba isiyoshikwa hujikusanya kwenye beseni. Ukichoka kabisa, funga mafundo: uzi mnene wa kutarizi, fundo la mraba kila baada ya sentimita 10, mikia ya sentimita mbili. Hakuna aibu, na kwa kwilti nzito ya watoto pengine ni bora.

Upapi

Kata ziada ukiwa na kona ya mraba ya seremala. Pima mishazari miwili ya kwilti; ikipishana zaidi ya sentimita moja, rekebisha sasa.

Mzunguko ni sentimita 660. Kata vipande saba vya upana wa sentimita 6.5 kutoka nusu mita ya kitambaa, viunganishe kwa mishono ya mshazari ili unene usikusanyike mahali pamoja, kunja katikati kwa urefu, piga pasi. Shona upande wa mbele, kingo mbichi zikilingana, sentimita moja kutoka ukingoni. Anzia katikati ya ubavu, si pembeni, na uache mkia wa sentimita 20.

Pembeni: simama sentimita moja kabla ya kona, rudisha mishono miwili, kata uzi, geuza kwilti. Kunja upapi uelekee juu, mbali na ubavu unaofuata, mpaka mkunjo ufanye mshazari. Kisha ushushe ufuate ubavu mpya, mkunjo wa juu ukilingana na ukingo uliotoka kuushona, na uanze kushona kutoka huo ukingo. Umbali wa kusimama lazima ulingane na upana wa mshono. Ukisimama mapema au ukipitiliza, kona itatoka butu. Ukingo ukifanya mawimbi, jua kwilti ilivutwa wakati wa kushona. Fumua ubavu huo tu, uupime kwa ule wa mkabala, ubandike kwa pini na urudie.

Geuza upapi nyuma uufunike mstari wa mshono, uukunge kwa mkono, mishono ya milimita 4 isiyotokeza mbele. Hii ndiyo sehemu ya kufurahia nyumbani: kwilti imekulalia mapajani, chai ya tangawizi iko mbali ya kutosha, redio inaongea.

Maji, jua na Julai

Iloweke peke yake kwenye beseni kubwa la maji baridi yenye sabuni kidogo, uikandamize kwa viganja bila kuisugua. Usiikamue kwa kuisokota, maana mishono hukatika. Ikunje, ikanyage itoe maji, izungushe na taulo. Ianike juu ya kamba mbili au tatu sambamba, mgongo ukitazama jua. Subiri asubuhi iliyoanza na jua la uhakika: kwilti iliyolala mbichi usiku mmoja wa masika hupata harufu ya uvundo, na rangi zilizokuwa zikitishia kuchuja huchuja usiku huo huo.

Kabla ya kuitumia, tarizi jina, mwaka na "Nairobi" kwenye kipande cha kitambaa na ukishone nyuma. Ongeza "maji baridi" kama unaitoa zawadi.

Nyumba zetu za mawe hazina vipasha joto, na Julai mawingu hukaa siku nzima. Wengine huingiza jiko la makaa chumbani na kufunga madirisha. Makaa hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na harufu inayoua watu wakiwa wamelala. Kwilti juu ya blanketi moja inatosha usiku wa nyuzi 11 au 12. Baridi ikiisha, ihifadhi ndani ya foronya ya pamba, si ule mfuko wa plastiki wenye zipu uliokuja na duveti, na ubadilishe mikunjo kila baada ya miezi michache. Upapi ndio utakaochakaa kwanza, hasa ule ubavu unaovutwa kidevuni. Ufumue, nunua nusu mita nyingine.