Sindano Yangu Imeingia Wapi?

SWALI: Shikamoo bibi. Nafinyanga vyetezo na vyungu vidogo barazani kwetu, Majengo. Zana zangu zote ndogo naziweka ndani ya mkebe mmoja wa biskuti: sindano, vijiti, waya wa kukatia udongo, sifongo, vipande vya kifuu. Natafuta kuliko ninavyofinyanga, na sindano zinashika kutu. Pale Marikiti nimeona sanduku la plastiki la vyumba vyumba, lile la mafundi stima. Ninunue?

JIBU: Marahaba mwanangu. Pesa hizo nunua ubani. Sanduku lile ni la misumari na skrubu, vitu vikavu. Zana zako zinalala na unyevu; ukishafunga kifuniko, vijiti vitaota ukungu na sindano zitakuwa nyekundu. Na hewa yetu hii ya chumvi haingoji kukaribishwa.

Tena sindano hazipotei mkebeni. Zinapotea mezani, chini ya mabaki ya udongo, maana kufikia adhuhuri kila kitu kimekuwa rangi moja. Siku moja nilikuwa nakanda mabaki, kiganja kikachomwa na sindano niliyoisaka wiki nzima huku nikimshuku mjukuu wangu. (Radhi sijamwomba hadi leo.) Tangu hapo kila zana yangu ndogo ina kitambaa chekundu cha pindo la leso kuukuu, nimekifunga shingoni. Udongo hauna wekundu ule.

Kisha tafuta ndara iliyokatika. Kata kipande kama kiganja, ukigongomee ukingoni mwa meza, upande wa mkono unaofanyia kazi. Sindano zipanguse, uzichome humo. Ndara hainywi maji, kwa hivyo kutu itachelewa. Na jioni ukiona tundu halina mwenyewe, wajua cha kutafuta kabla hujakanda mabaki.

Vijiti na vifuu vitie kwenye kopo la maziwa ulilolitoboa kitakoni, ncha juu. Sifongo ikamue, itundike. Ikilala ndani ya ndoo, harufu yake utaijua mwenyewe. Waya nao utundike ukiwa umenyooka, kwani ukishajikunja hukata kombokombo. Mimi waya niliuacha zamani. Natumia mshipi wa kuvulia samaki, kila ncha nimeifunga kijiti cha kushikia, na kutu haujui.

Zana zioshee ndani ya ndoo, si bombani. Tope litatuama usiku. Asubuhi mwaga maji ya juu polepole, tope lenyewe lirudishe kwenye mabaki. Ukilimwaga mferejini utamlipa fundi bomba. Meza ipanguse kwa kitambaa kibichi, na barazani usifagie udongo mkavu: vumbi lake laini huingia mapafuni likakaa, na hapo ndipo watoto wanapocheza.

Mkebe urudishe jikoni, utie biskuti.