Maswali na Majibu: Kitabu Chako cha Bahari Kimechapwa Mwaka Gani?

Likizo ya Desemba inakaribia na barua zimejaa mezani. Watu wa Arusha na Moshi wanashuka Tanga na Pangani kukodi mashua, na safari hii karibu kila mwandishi ana kitabu cha mwongozo wa pwani au programu ya bahari kwenye simu. Leo najibu yanayohusu vitabu na simu. Maswali ya bei za kukodi nimeyaweka kando.

Shikamoo mzee. Mimi ni mwongoza watalii, naishi Njiro. Mgeni aliniachia kitabu cha mwongozo wa pwani ya Afrika Mashariki, kina kurasa zaidi ya 200 na michoro ya bandari. Tunataka kukodi mashua Pangani twende Maziwe. Kitabu kinatosha?

Marahaba, mwanangu. Idadi ya kurasa umeniandikia, mwaka hukuniandikia. Nalisema hili kila mara na nitaendelea kulisema: ukifungua kitabu cha bahari, kabla ya kutazama mchoro hata mmoja, tafuta kimechapwa lini, kisha tafuta kina cha maji kilipimwa lini. Hiyo ni miaka miwili tofauti, na huo wa pili ndio unaobeba roho za watu.

Maziwe yenyewe ni ushahidi. Wazee wa Pangani waliijua ikiwa kisiwa chenye mivinje, kasa wakipanda kutaga. Ilitengwa kuwa hifadhi mwaka 1975. Miaka michache baadaye miti ikaisha, bahari ikala ardhi, na leo ni fungu la mchanga: maji yakipwa unalikanyaga, yakijaa hulioni. Mchoro wa zamani wenye kisiwa ulisema kweli ya siku zake. Anayeufuata leo maji yakiwa yamejaa atakuwa anatafuta miti kwa macho huku fungu liko chini ya mkuku wake.

Nami yamenikuta. Miaka mingi iliyopita niliingia mdomo wa mto Pangani kwa kufuata mchoro wa kitabu cha kuazima. Mto ule maji yake yanatoka huku kwetu, Kilimanjaro na Meru, yanapita Nyumba ya Mungu, na ukifika baharini unakutana na mawimbi na kujenga kizingiti cha mchanga. Mchanga huhama. Mlango ulioonyeshwa kitabuni ulikuwa umezibika, tukapanda fungu maji yakiwa yanatoka, tukakaa pale karibu saa tano mashua imelala ubavu, watoto wawili ndani wanalia. Mvuvi aliyepita na ngalawa alituonyesha mlango mpya kwa kidole. Ulikuwa hatua chache kutoka tulipokwama.

Kwa hiyo kisome kitabu ukiwa Njiro, uandike pembeni maswali yako. Fika Pangani siku moja kabla, nenda dikoni, pale wavuvi wanapoegesha vyombo, uwaulize fungu limekaa wapi mwaka huu na kusi iliyopita, upepo wa kusini, imehamisha nini. Mmoja wao mchukue kwenye safari na umlipe vizuri. Hakuna mgeni anayepanda Kilimanjaro bila kiongozi mwenye leseni, na ninyi mnaona sawa. Mgeni yuleyule akishuka pwani mnampakia kwa nahodha yeyote aliyepatikana asubuhi hiyo. Sielewi kwa nini roho yake ipungue thamani ikifika kwenye maji ya chumvi.

Lipeni ada ya hifadhi, na nanga isitupwe juu ya matumbawe. Tia kwenye mchanga.

Kitabu na simu, kipi bora? (Msomaji, Majengo, Moshi)

Vyote viwili, pamoja na macho yako. Hii ni mara ya tatu mwaka huu nalijibu swali hili. Tafadhali niulizeni kitabu gani, cha mwaka gani, kwa safari ya wapi, ili nami niwe na la kuwaambia.

Mzee, programu ilisema maji Tanga yatajaa 04:10, siku ya mwezi mpevu. Tukafika saa nne na dakika kumi asubuhi, tukakuta matope na kaa. Programu hizi ni za uongo? (Usa River)

Programu ilisema kweli. 04:10 ni saa kumi na dakika kumi alfajiri. Wewe ulifika saa sita baadaye, yaani maji yakiwa yamepwa kabisa. Usione aibu, maana barua za namna hii ninazo kadhaa, na mojawapo ni ya mtu aliyefanya kazi bandarini. Simu inahesabu kuanzia usiku wa manane, sisi tunahesabu kuanzia machweo na macheo. Kabla ya safari, chukua karatasi, andika saa za kujaa na kupwa kwa maneno, kwa saa zetu: "yanajaa saa kumi alfajiri, yanapwa saa nne asubuhi." Mpe nahodha karatasi hiyo na umwombe aisome kwa sauti. Akikunja uso, mmoja wenu amekosea, na inawezekana ni wewe.

Kuna mtego wa pili. Baadhi ya majedwali na programu hutoa saa za Greenwich, ambazo ziko nyuma yetu kwa saa tatu. Saa tatu ni nusu ya safari nzima ya maji kutoka kujaa hadi kupwa. Angalia mpangilio kabla ya kuamini.

Na kwa vile umetaja mwezi mpevu: siku za mwezi mpevu na mwezi mwandamo ni za bamvua, na pwani ya Tanga bamvua hupandisha na kushusha maji zaidi ya mita 3. Siku za bamvua maji yetu hupwa kwenye saa nne asubuhi na kujaa kwenye saa kumi jioni, na kila siku inayofuata husogea mbele kama dakika 50. Mtoto wa pwani huyajua haya kabla ya kujua kusoma. Ninyi wa mlimani jifunzeni kutazama mwezi, maana mwezi hauhitaji bando.

Nimejifunza kwa video za Wamarekani kwamba ukiingia bandarini boya jekundu linakaa kulia. Sawa? (Sakina, Arusha)

Kwao sawa. Kwetu, kama Afrika yote na Ulaya, unapoingia kutoka baharini boya jekundu linakaa kushoto na la kijani kulia. Futa ulichojifunza kabla hujashika usukani.

Kwenye simu, kati ya Tanga na Pemba naona buluu tupu, hakuna mwamba hata mmoja. Naweza kupiga mstari ulionyooka na kuufuata? (Msomaji, Shanty Town)

Buluu hiyo uliivuta karibu kiasi gani? Ramani ya kwenye skrini huficha vitu ukiitazama kwa mbali, ili isijae maandishi. Tarehe 29 Novemba 2014, mashua ya mashindano ya kuzunguka dunia iitwayo Team Vestas Wind, yenye mabaharia wanaolipwa kwa kazi hiyo na vyombo vya bei kubwa, iligonga mwamba usiku katika bahari yetu hii ya Hindi, kwenye visiwa vya Cargados Carajos kaskazini mashariki mwa Mauritius. Mwamba ulikuwemo kwenye ramani yao. Hawakuvuta picha karibu vya kutosha ukaonekana. Wote 9 walitoka hai. Kama hao yaliwapata, wewe na simu ya kioo kilichopasuka usijipe moyo. Vuta karibu, tembeza kidole juu ya njia yote kipande kwa kipande, na uandike kila jina la fungu na mwamba unalokutana nalo.

Halafu huo mstari ulionyooka. Mkondo wa Pemba ni maji ya kina cha mamia ya mita, na maji hayo hayakai. Yanakwenda kaskazini mwaka mzima, na kusi ikivuma yanakimbia zaidi. Ukielekeza omo, yaani mbele ya mashua, kisiwani na kuiacha hapo, mwisho wa siku utakuwa kaskazini ya ulikokusudia, na kurudi nyuma dhidi ya mkondo na upepo kwa mashua ya tanga ni kupiga bisho, kukata huku na huku, mpaka usiku. Hapa ndipo vitabu vya kuchapwa vinapowashinda wenye simu. Kitabu kizuri kina aya nzima za mkondo, upepo na majira, mtu amekaa akaeleza. Programu nyingi zinakupa mstari na kunyamaza.

Tulitia nanga salama, lakini simu ikatuonyesha tuko juu ya nchi kavu. GPS imeharibika? (Himo)

Pengine GPS iko sawa na ramani ndiyo iliyosogea. GPS inatumia kipimo cha dunia kiitwacho WGS84. Ramani nyingi za zamani za Tanzania, za nchi kavu, zilichorwa kwa kipimo cha Arc 1960, na ukichanganya viwili hivyo bila kubadili unakosea kwa takriban mita 300. Waongoza milima wanaotumia karatasi za zamani za Meru na Kilimanjaro wanalijua tatizo hili. Baharini nako ramani za zamani zina vipimo vyao. Mlimani mita 300 ni kutembea dakika chache zaidi. Baharini ni upana wa mlango mzima na mwamba wa kila upande.

Jueni pia kwamba ramani ya simu mara nyingi ni karatasi ya zamani iliyonakiliwa kwenye skrini. Sehemu za pwani yetu zilipimwa karne ya 19 na Waingereza waliokuwa wakitupa bildi, kamba yenye risasi ya kupimia kina, kwa mkono. Rangi za skrini ni mpya, lakini namba za kina zinaweza kuwa zilezile za bildi.

Namba za mahali kitabuni nimeziingiza kwenye simu, zikaniangusha mbali. (Moshi mjini)

Kitabu kimeandika nyuzi 5, dakika 25.50, yaani dakika 25 na nusu. Wewe umeingiza nyuzi 5, dakika 25, sekunde 50. Tofauti ni zaidi ya mita 600. Soma nukta.

Nasikia ramani za bahari za karatasi zinafutwa duniani. Kwa nini nihangaike nazo? (Mwalimu, Arusha)

Ni kweli zinapungua, Mwalimu. Marekani, kupitia NOAA, idara yake ya bahari na hali ya hewa, imemaliza kuondoa ramani zake za jadi za karatasi. Uingereza, wenye ramani za Admiralty ambazo pwani yetu imezitegemea sana, walitangaza mwaka 2022 kwamba wataacha kuzichapa, kisha wakasogeza mbele hadi angalau 2030. Wanaofanya hivyo wana meli zenye vyombo viwili viwili na umeme wa uhakika. Mashua ya Pangani ina simu moja kwenye mfuko wa nailoni. Jua likiipasha inajizima, mkono wenye chumvi haufungui kioo, na chaji inaisha wakati unaotaka kuingia mlangoni. Kabla ya kuondoka pakua ramani zote kwenye simu, pakua na picha za setelaiti za mahali unapokwenda, kisha chapisha kurasa muhimu pale stesheneri mtaani kwako na uzitie plastiki. Gharama yake ni ndogo kuliko chakula cha mchana.

Neno letu "ramani" lenyewe linahusishwa na rahmani, vitabu vya njia vya manahodha wa Kiarabu na Kiajemi waliofika hapa na kaskazi na kurudi na kusi. Vitabu hivyo vilinakiliwa kwa mkono. Nawe andika kwenye chako: tarehe, upepo, umekuta kina gani, nani dikoni alikuambia nini.

Mchoro una namba 3 mlangoni. Mashua yetu inahitaji mita moja na nusu. Tunapita? (Njiro, tena)

Tatu nini? Soma pembeni ya mchoro. Ramani za zamani huhesabu kwa pima, na pima moja ni mita 1.83. Mpya huhesabu kwa mita. Kudhani mita kumbe ni pima hakukuzamishi. Kinyume chake kinakuzamisha.

Ingia maji yakiwa yanajaa, ili ukigusa chini yakuinue. Na utazame jua limekaa wapi, kwa kuwa mwamba unaonekana jua likiwa juu na nyuma yako. Tanga na Pangani unaingia ukielekea magharibi, basi ingia asubuhi, kabla ya adhuhuri. Upande wa magharibi wa Pemba unaingia ukielekea mashariki, basi subiri jua livuke utosi, lakini usingoje lizame. Na msomapo maoni ya mabaharia kwenye programu, "nanga nzuri, maji yametulia," tazameni aliandika mwezi gani. Kituo kilichotulia Februari kwa kaskazi kinaweza kuwa wazi kabisa kwa kusi ya Julai.

Shikamoo baba. Mwanangu na wenzake watatu wa chuo wanataka kutoka Tanga kwenda Pemba kwa ngalawa. Wana simu moja yenye programu, wanasema inatosha. Nimruhusu? (Mama, Kiboriloni)

Marahaba, mama. Hapana.

Wakipata chombo kikubwa zaidi na nahodha anayeivuka njia hiyo kila msimu, zungumzeni upya. Hata hapo wasiondoke bila jaketi okozi kwa kila kichwa, na livaliwe, lisifungwe kwenye begi. Wasome utabiri wa bahari wa TMA, Mamlaka ya Hali ya Hewa, asubuhi ya safari, si wa juzi. Wawe na redio inayoshika chaneli 16, ya kuitia msaada baharini, kwa sababu katikati ya mkondo simu haishiki mnara. Wewe wakuachie karatasi yenye jina la chombo, namba ya nahodha, saa ya kuondoka na saa ya kufika, kwa saa za Kiswahili. Saa ya kufika ikipita kwa saa mbili na hawajapiga, usisubiri giza. Piga bandari ya Tanga na polisi, uwasomee karatasi hiyo kama ilivyo.