Lori limegonga na kukimbia: je, madai yamekufa?

SWALI: Mdogo wangu wa kiume, fundi uashi, aligongwa na lori saa mbili usiku pale Ubena Zomozi akivuka barabara. Lori lilikuwa linatoka upande wa Dar na halikusimama. Amevunjika paja, hii ni wiki ya tatu yuko wodini. Tuna PF3 na namba ya RB. Mama lishe mmoja aliwahi kushika namba ya nyuma, ya tela. Polisi wanasema bado wanamtafuta dereva. Sasa kuna bwana anazunguka wodini, anajiita mtu wa bima. Anasema dereva asipopatikana kuna fedha za serikali za waliogongwa, tumpe laki tatu ya kufungua faili na tusaini karatasi zake. Tumpe? Na dereva asipopatikana kabisa, tuna haki gani? (Dada wa majeruhi, Chalinze)

JIBU: Usimpe hata mia, dada yangu. Kama mmeshasaini chochote, mdaini nakala leo hii. Huyo bwana nitarudi kwake.

Nianze na hilo la "bado wanamtafuta dereva", maana ndilo linaloua madai mengi kuliko vishoka, hao mawakala bandia, wote wakiwekwa pamoja. Napigiwa simu za aina hii mara kwa mara: ajali ni ya miaka miwili nyuma, familia imekaa kimya, ukiuliza walikuwa wanangoja nini unaambiwa dereva akamatwe. Mkimkamata, atawalipa nini? Dereva wa lori ni mtu wa mshahara na posho ya safari. Kumtafuta yeye ni kazi ya polisi kwa ajili ya kesi ya jinai, na faini atakayopigwa inaingia serikalini, haiji kwenye mguu wa mdogo wako. Hakimu ana uwezo wa kumwamuru mshtakiwa alipe fidia, lakini fidia ya mtu asiye na kitu inabaki kwenye karatasi.

Mlipaji ni mwenye gari, na nyuma yake kampuni ya bima. Dereva akiwa kazini, kosa lake ni la tajiri wake. Bima ya lazima, ile wengi tunayoiita bima ndogo, ipo chini ya Sheria ya Bima ya Vyombo vya Moto, Sura 169, na imewekwa kwa ajili ya mtu kama mdogo wako, aliye nje ya gari. Kwa hiyo mtafuteni mwenye lori. (Akithibitisha kwamba lori lilikuwa limeibwa siku ile, hapo habari inakuwa nyingine, lakini hilo ni lake kulithibitisha.)

Mnayo namba na mnaiandika kama jambo la pembeni! Namba ya tela ni mwanzo mzuri, ila ina mtego wake. Kichwa na tela husajiliwa mbalimbali, kila kimoja na namba yake, na kichwa kinachovuta tela hili leo kesho kinaweza kuvuta jingine. Watu huhakiki bima ya tela, wanakuta ipo, wanaandika madai, halafu kampuni inawajibu kwamba haikukatia bima kichwa kilichokuwa kinavuta. Namba ya tela iwafikishe kwa mwenye tela. Mpelelezi aiandikie TRA, mamlaka ya mapato yenye kumbukumbu za usajili wa magari, apate jina la mmiliki, kisha mmiliki aulizwe tarehe ile tela lake lilivutwa na kichwa gani, na nani alikuwa kwenye usukani. Kampuni ya usafirishaji ina karatasi za mzigo, haiwezi kusema haijui.

Halafu kuna mizani ya kupimia malori barabarani. Lori lililotoka Dar likafika Ubena lilipita mizani ya Vigwaza, na mizani zina kumbukumbu ya chombo kilichopimwa na muda wake. Kumbukumbu hiyo inaliweka lori barabarani saa zile, na inaonyesha kichwa na tela vikiwa pamoja. Mwombeni mpelelezi kwa maandishi aiandikie TANROADS, wakala wa barabara wenye mizani hizo, na nakala ya barua yenu igongwe muhuri wa kupokelewa. Msiombe kwa mdomo. Lingekuwa basi la mikoani ningewaelekeza LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, ambao wana mfumo wa kufuatilia mwenendo wa mabasi. Na kichwa kikija kuonekana kina namba ya Zambia au Kongo, msikate tamaa: malori ya nje huingia na kadi ya njano ya COMESA (jumuiya ya soko la nchi za Mashariki na Kusini mwa Afrika), yaani bima inayotambuliwa nje ya nchi lilikotoka gari, utaratibu ambao Tanzania inashiriki ingawa yenyewe ilijitoa COMESA mwaka 2000, na madai yake hushughulikiwa hapa hapa nchini. Gari la serikali, STK na wenzake, ni jambo jingine: lazima notisi ya siku 90 kabla ya kufungua kesi, na Mwanasheria Mkuu aunganishwe kwenye kesi hiyo.

Mkishapata namba ya kichwa, ihakikini kwenye TIRA MIS, mfumo wa mtandaoni wa mamlaka ya bima. Mtaona kampuni iliyokata bima na kipindi chake. Hapa pia watu huteleza: wanaangalia kama bima iko hai leo. Linalohusika ni kama ilikuwa hai saa mbili usiku ile. Bima iliyokatwa asubuhi ya kesho yake haiwasaidii chochote, tena ukiona tarehe ya namna hiyo jua mwenye gari alishajua kilichotokea.

Sasa PF3. Kuna imani kwamba ukiwa na PF3 umeshafungua madai. PF3 ni fomu ya polisi ya matibabu, inaonyesha mtu aliumia na daktari aliona nini. RB nayo inaonyesha tu kwamba taarifa ilipokelewa. Hakuna kampuni ya bima itakayofungua droo ikaanza kukuhesabia fedha kwa sababu ya karatasi hizo mbili. Panahitajika ramani ya ajali, maelezo ya mashahidi yaliyosainiwa, ripoti ya daktari inayotaja kiwango cha ulemavu, na risiti. Kwenye madai, hasara yenye tarakimu lazima ithibitishwe shilingi kwa shilingi: dawa, vyuma vya mguu, nauli za bajaji za kwenda kliniki, ujira wa siku anazolala. Maumivu na ulemavu hakimu hukadiria mwenyewe, risiti haziwezi kuyakadiria. Dereva akitiwa hatiani na muda wa rufaa ukapita, hukumu ile ni ushahidi tosha wa kosa lake kwenye kesi ya madai, na kampuni nyingi huiulizia hiyo kwanza. Ila msiifanye sababu ya kulala. Madai ya namna hii yana ukomo wa miaka 3, inayohesabiwa tangu siku ya ajali, na kukimbia kwa dereva hakusimamishi saa. Notisi ya maandishi iende kwa kampuni ya bima kabla kesi haijafunguliwa. Mkiiruka, mtashinda kesi na kampuni itachomoka.

Na lori lisipopatikana kabisa? Hapo sitakudanganya kama huyo bwana wa wodini. Sura 169 inamlipa mtu mwenye hukumu dhidi ya mhusika wa gari lenye bima. Haina fungu la fedha kwa aliyegongwa na gari lisilojulikana. Rwanda wanao Mfuko Maalumu wa Dhamana kwa ajali kama hizi, kwa hiyo kishoka wako anawauzia sheria ya Kigali hapo Chalinze. Kinachobaki ni kuangalia mlango mwingine. Mdogo wako ni fundi. Je, alikuwa ametumwa na mkandarasi, au alikuwa kwenye usafiri wa kazini ameshuka? Kama ajali imetokana na kazi, Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, unalipa bila kuuliza lori liko wapi, mradi taarifa ipelekwe ndani ya miezi 12. Mwajiri atasema ni kibarua tu, hana mkataba. Mwacheni aseme, nyinyi pelekeni taarifa. Ulizeni pia kama ana bima ya ajali binafsi kupitia benki, SACCOS au mkopo. Watu hukatwa fedha za bima hizo kwa miaka bila kujua wanazo.

Nirudi kwa mtu wa bima. Laki tatu ndiyo hasara ndogo. Anachokitaka ni saini. Mara nyingi katikati ya zile karatasi huwa kuna hati inayompa mamlaka ya kuwawakilisha, na nyingine ya kumaliza madai. Akiwa nazo, na akiwa na namba ya tela mliyompa wenyewe, anamfuata mwenye lori, anapokea anachopokea, nanyi mkifika kwa kampuni mnaonyeshwa saini ya mdogo wenu chini ya maneno "sitadai tena". Kuna wanaothubutu zaidi: anatafuta gari lolote lenye bima, anampanga dereva akubali kuwa ndiye aliyegonga, na anawaambia mseme hivyo hivyo. Gari la kupandikiza likibainika, majeruhi anakuwa mtuhumiwa wa udanganyifu akiwa bado na vyuma mguuni. Nimeona familia ikiacha madai halali kabisa kwa hofu ya uongo waliokwisha kuusaini.

Wakili wa kweli ana jina kwenye orodha ya mawakili, na mfumo wa e-Wakili wa Mahakama unamhakiki kwa dakika chache ukiwa na simu. Kama fedha hakuna, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 ipo, na wasaidizi wa kisheria waliosajiliwa wapo wilayani, ulizeni ofisi ya ustawi wa jamii. Mwenye lori naye anaweza kuja na bahasha, akiwa na mzee wa heshima pembeni. Pokeeni kama amekuja kusaidia matibabu, andikeni kiasi na neno "matibabu", asaini yeye. Akitoa karatasi yake ya kusaini, chai iishe kwanza na karatasi ije kwa wakili.

Yule mama lishe apelekwe kituoni wiki hii akaandikishe maelezo, na mtu wa familia amsindikize. Akienda peke yake ataambiwa arudi kesho, na mwenzenu ana biashara ya kufungua asubuhi.