Nibu ya dhahabu inakwaruza, ya chuma inateleza

SWALI: Nataka kalamu ya wino ya kifahari. Dukani, yenye nibu (ncha ya kuandikia) ya dhahabu ya karati 18 ilikwaruza, ya chuma cha pua ikateleza. Je, dhahabu ni jina tu?

JIBU: Si jina tu, ila dhahabu haigusi karatasi. Kinachogusa ni kidonge kidogo cha metali ngumu kilichochomelewa nchani, na nibu nzuri ya chuma inacho pia. Kunepa nako huamuliwa na umbo na unene wa nibu kuliko karati.

Mkwaruzo mara nyingi ni meno mawili ya nibu kutolingana. Yatazame kwa lenzi ya kukuza mara 10, kisha chora namba 8 zilizolala, bila kukandamiza. Ikikwaruza upande mmoja tu, jino moja limezidi. Irekebishwe kabla hujalipa. Hiyo inayoteleza nayo usiiamini upesi: kingo za ndani za mpasuko ulio kati ya meno hayo zikisuguliwa kupita kiasi, wino haufiki karatasini na mwanzo wa herufi hukatika.

Kuhusu unene wa mstari, nibu ya F (alama ya mstari mwembamba) ya Kijapani, kama ya Pilot au Sailor, kwa kawaida ni nyembamba kuliko F ya Kijerumani.