Fidia haipotei kwa sababu ya glovu

Ndugu, umeuliza kama mfanyakazi aliyekatwa na mashine anakosa fidia kwa kuwa hakuvaa glovu, kama msimamizi wake alivyomwambia. Hapana, msimamizi amemdanganya. Kutovaa glovu siku ile mashine ilipomkata hakumwondolei fidia. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya Uganda ya mwaka 2000 inasema mwajiri analipa hata kama ajali ilitokana na uzembe wa mfanyakazi. Isitoshe, vifaa vya kujikinga ni wajibu wa mwajiri chini ya sheria ya usalama kazini ya 2006, kwa hiyo waulizwe kwanza: glovu zenyewe zilikuwepo?

Nimekuwa mjumbe wa chama cha wafanyakazi kwenye shamba la maua njia ya Entebbe, na maneno hayo hayo niliambiwa kuhusu dada mmoja aliyekatwa vidole viwili. Glovu alizokuwa amepewa zilikuwa zimetoboka, unaona kucha.

Ila asikawie. Taarifa ya ajali itolewe ndani ya mwezi mmoja, na jeraha liwe limemweka nje ya kazi angalau siku 3 mfululizo. Atunze karatasi za hospitali, aende na mjumbe wa chama kwa afisa wa kazi wa wilaya. Asiweke sahihi popote kabla ya hapo, tafadhali.