Habari za familia kiwandani: yaliyotukuta kwenye kiwanda cha soksi

Mkuu, umesema umeajiriwa utumishi kwenye kiwanda cha nguo na unataka kutoa karatasi ya kila mwezi yenye habari za familia za wafanyakazi: nani kaoa, nani kajifungua, nani kafiwa. Wengi waliokujibu kabla yangu wamekwambia unapoteza wino, kundi la WhatsApp linatosha. Mimi nasema anza, ila soma kwanza.

Nilifanya kazi miaka tisa kwenye kiwanda cha soksi Dar, Barabara ya Nyerere ikiwa bado inaitwa Pugu. Niliingia 1983, mashine za kufuma. Kwa wasiojua, soksi inatoka kwenye mashine kama bomba, upande wa vidole uko wazi. Inakwenda kwa akina mama wa kuunga vidole, halafu inavalishwa mguu wa chuma wa moto ili ikae umbo, mwisho inatafutiwa mwenzake wa urefu na rangi ileile. Hao wa kupanga jozi ndio walikuwa redio yetu. Macho na mikono vina kazi, mdomo uko huru, na kwenye meza yao hakuna kelele. Sisi wa kufuma tuliongea kwa ishara: mtu akishika tama, kuna msiba, akipakata mikono na kuitikisa, kuna mtoto.

Habari rasmi zilikaa kwenye ubao mweusi, kando ya saa ya kugonga kadi. Karani aliandika kwa chaki. Siku moja akaandika kwamba dada mmoja wa kuunga vidole, shifti B, amefariki. Alitakiwa aandike amefiwa. Saa nane shifti ya asubuhi ilipotoka, basi la kiwanda likageuza moja kwa moja Temeke, watu wanalia njia nzima. Tukamkuta marehemu wetu kakaa mkekani anapokea pole, mama yake amefia Songea. Akatutazama tulivyojaa mlangoni, akasema, "Kumbe nikifa mtakuja wote hivi?" Alicheka, akalia tena. Tangu siku hiyo hakuna kilichoandikwa bila mwenyewe au ndugu yake kukisoma kwanza.

Hilo ni la kuchekesha. La pili si la kuchekesha. Mwenzetu mmoja aliugua kifua kikuu, mtu kwa nia njema akaandika ugonjwa wake ubaoni ati tumwombee. Alirudi kapona, lakini kantini watu wakawa wanakitenga kikombe chake. Hakumaliza mwaka pale kazini. Kwa hiyo magonjwa usiandike, hata mwenyewe akikuruhusu mfikirie mara mbili.

Watu wanaosifia umoja wa zamani wanasahau kwamba nusu yake ilikuwa makato. Ukifiwa na mzazi, mwenza au mtoto, kila mmoja alikatwa shilingi kumi kwenye mshahara, na mweka hazina alikusomea jumla mbele ya wafiwa. Ubao ulikuwa na nguvu kwa sababu kila tangazo lilikuwa na kitu nyuma yake: fedha, basi, au watu wa kwenda kupika. Karatasi isiyo na kitu nyuma yake itafungiwa karanga.

Viwanda vikubwa vilijiweza zaidi. Urafiki pale Ubungo, kilichojengwa kwa msaada wa China na kufunguliwa 1968, kilikuwa hadi na bendi yake, Urafiki Jazz. Sisi tulikuwa na timu ya mpira iliyofungwa na kila mtu, ila kila mechi ilivaa soksi mpya.

Weka na kona ya haki, maana wengi hawazijui. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa aliyejifungua siku 84 za likizo yenye malipo, 100 akipata pacha. Baba siku 3. Na kuna siku 4 za kufiwa na ndugu wa karibu. Vijana wengi wanachukua siku ya baba kwa kudanganya wanaumwa tumbo!

Na kuandika usiwape watu wa ofisini, wao habari huwafikia za mwisho. Nenda kwenye meza ya ukaguzi na kufungasha, kaa nao nusu saa bila daftari. Utamjua tu mwenyewe nani wa kumpa hiyo kazi.