Trekta za zamani: maswali yenu matano, najibu kutoka gereji Moshi

Msimu wa kulima ukikaribia kila mtu anasaka trekta ya mtumba, ndo maana maswali yenu mengi yanafanana, nimechukua haya matano.

Fundi, wanasema Massey 135 haifi, kweli au sifa tu? Niko Karatu, nina heka 40.

Inakufa kaka, ila kuifufua ni rahisi na sifa yake imetokea hapo. Ile Perkins ya pistoni tatu, lita 2.5, haina mambo ya kompyuta, ikipata dizeli safi na ukatoa hewa kwenye njia ya mafuta inawaka. Na spea zipo mpaka leo kwa sababu Massey 240 iliyokuja baadae ilibeba injini hiyo hiyo na Pakistani wameendelea kuiunda, kwa hiyo pistoni, ringi, silivu hutafuti mbali. Ila kwa heka 40 za udongo mgumu 135 utaionea bure, ina kama hp 45 tu, tafuta 165 au 290.

Nimeonyeshwa moja Njiro, rangi inang'aa balaa, niangalie nini?

Rangi iache. Nenda asubuhi na mapema na uwaambie wasiiwashe kabla hujafika, ukifika kitu cha kwanza weka kiganja kwenye blok ya injini. Mimi nishawahi kufika saa moja asubuhi nikakuta blok ina vuguvugu na mwenyewe ananiapia haijawashwa tangu jana, nikageuza nikarudi nyumbani, maana anayeipasha moto kabla yako anajua ikiwa baridi haiwaki. Ikishawaka fungua kifuniko cha oili, moshi ukipuliza kwa nguvu ringi zimekwisha. Halafu ifungwe jembe, linyanyuliwe, injini izimwe: likishuka hapo hapo haidroliki inavujisha.

Shikamoo fundi. Massey 165 yetu tukishuka na tela la ndizi toka Marangu inakimbia yenyewe, breki zimekaguliwa ni nzima. Dereva kaanza kuogopa.

Marahaba mama, na huyo dereva msikilize, yuko sahihi kabisa. Angalia kama hiyo trekta ina Multi-Power, ile swichi ndogo ya kuchagua mwendo wa juu na wa chini bila kukanyaga klachi. Ikiwa upande wa chini injini haiishiki trekta kwenye mteremko, magurudumu yanazunguka bure kama baiskeli usipopiga pedeli, sasa wewe unadhani umeweka gia nzito kumbe unashuka na breki peke yake, na tela nyuma inasukuma. Sio ubovu, ilitoka hivyo kiwandani, lakini nani anamwambia dereva? Mwambie hivi: kabla mteremko haujaanza asimame, aweke gia namba ndogo na swichi iwe juu, pedeli za breki mbili zifungwe pamoja, asibadili kitu mpaka chini. Na kama ukiweka juu haishiki, presha ya oili yake imeshuka, msishuke na tela mpaka itengenezwe. Nakuomba mama, hata kesho isishuke.

Ford 5000 yangu oili imekuwa kama chai ya maziwa. Niko Mabogini.

Maji yameingia. Anza na hedi gasketi, ikiwa nzima basi blok ipimwe presha. Hizi Ford hazikutoka na silivu (lile bomba linalovalishwa ndani ya silinda), na watu wanajaza maji ya mfereji miaka nenda rudi bila kulanti, ile dawa ya rejeta, ukuta wa silinda unaliwa kwa nje mpaka unatoboka katundu kama ncha ya sindano. Inachongwa inawekwa silivu, blok usitupe. Ila usiiwashe tena na hiyo oili, utaua na krenkshafti.

Nataka katapila D6 ya zamani kusafisha shamba Simanjiro, injini inaunguruma vizuri.

Injini ni nusu ya habari, nusu nyingine iko chini: cheni, rola, sproketi, na huko ndo hela ya matengenezo inakoishia. Waingereza pale Kongwa mwaka 1947 walileta katapila za mtumba za jeshi kutoka Ufilipino kufyeka mashamba ya karanga, nyingi zikafia porini mapema, na wale walikuwa na hela ya serikali. Piga magoti uangalie meno ya sproketi, yakichongoka kama ya papa cheni nayo imekwisha. Bushi za cheni zikiwa zimelika upande mmoja zinageuzwa unapata maisha mengine, zikiwa zimeshageuzwa mara moja ndo basi, unanunua mpya. Muulize muuzaji hilo kabla hamjaongea bei.